Baba yuko tayari kuuza kiwanja ili nikasome London: je, nikubali?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 27, ninaishi Kimara, na kwa miaka mitatu sasa ninafanya kazi katika shirika lisilo la kiserikali hapa Dar es Salaam linalowasaidia wanawake wanaofanya biashara ndogo mipakani. Mshahara wangu ni shilingi 1,400,000 kabla ya makato, na bado ninakatwa deni la Bodi ya Mikopo. Nimepata udahili wa shahada ya uzamili ya uhusiano wa kimataifa katika chuo kikuu kimoja cha London. Ada ni pauni 27,000 na chuo kimenipunguzia pauni 5,000. Baba amepata mteja wa kiwanja chake cha Kigamboni kwa shilingi milioni 35, na kiasi kitakachobaki ninafikiria kukopa kwa kampuni ya nje inayowakopesha wanafunzi kwa dola. Ndoto yangu ni kufanya kazi wizara ya mambo ya nje au katika jumuiya ya kimataifa. Nimepewa wiki tatu kulipa amana. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa udahili, kwa sababu chuo hakimpi mtu nafasi ya namna hiyo kwa kumhurumia. Kwa kuwa umebakiwa na wiki tatu tu, nitakuambia kwanza ninachokishauri, kisha nieleze sababu zake. Usilipe amana hiyo, na mwombe baba asitie saini karatasi yoyote ya kuuza kiwanja. Kiandikie chuo wiki hii kuomba kuahirisha udahili kwa mwaka mmoja, kisha mwaka huo uutumie kumtafuta mtu mwingine wa kulipa gharama yote. Ninasema hivi nikiamini kwamba unastahili kusoma shahada hii, na kwamba utaisoma.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi wanaoniletea barua za udahili huwa wamehesabu ada peke yake. Ada yako baada ya punguzo ni pauni 22,000. Ili upewe viza ya mwanafunzi, serikali ya Uingereza inataka uoneshe kwamba unayo fedha ya kujikimu ya hadi miezi tisa, na kwa mwanafunzi wa London kiwango hicho kimepita pauni 1,500 kwa mwezi, yaani pauni 13,500 na ushei. Fedha hiyo inatakiwa iwe imekaa benki kwa siku 28 mfululizo kabla ya kuomba viza, kwa hiyo mpango wa kupeleka nusu sasa na nusu baadaye hautakubalika. Kuna mchango wa huduma ya afya wa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na ile miezi ya ziada wanayokuongezea baada ya kozi nayo hulipiwa. Kuna ada ya viza yenyewe iliyozidi pauni 500. Kuna tiketi ya ndege, na kuna koti la baridi ambalo hapa Dar es Salaam hujawahi kulihitaji. Ukijumlisha yote kwa makadirio ya chini unafika pauni 38,000, na hapo nimehesabu miezi tisa ya kula na kulala ilhali kozi kwa kawaida ni ya miezi kumi na miwili. Tukichukua shilingi 3,300 kwa pauni, hiyo ni milioni 125. Mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kazi hiyo itasaidia chakula na nauli, lakini haihesabiwi unapoomba viza na haiwezi kulipa ada.

Kiwanja kitatoa milioni 35. Zinabaki milioni 90, ambazo kwa kiwango cha shilingi 2,500 ni dola 36,000. Tuchukulie kwamba utakopa kiasi hicho kwa riba ya asilimia 12 na kulipa kwa miaka kumi, na tusiihesabu hata riba itakayokuwa inaongezeka ukiwa darasani. Marejesho yako yatakuwa dola 516 kila mwezi, yaani shilingi 1,290,000.

Sasa chukua hati yako ya mshahara uiweke mezani. Katika ile 1,400,000, mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 10, ambayo ni 140,000. Kodi ya mapato, ikikokotolewa kwenye 1,260,000 inayobaki, ni 206,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo ni 210,000. Mkononi unabaki na 844,000, na rejesho la mkopo peke yake ni 1,290,000. Utasema kwamba ukirudi hutalipwa mshahara huu wa sasa, na ni kweli, kwa hiyo tuuzidishe mara mbili uwe 2,800,000. Hifadhi ya jamii 280,000, kodi 584,000, Bodi 420,000. Unabaki na 1,516,000. Toa rejesho. Unabaki na shilingi 226,000 za kupanga, kula, kupanda daladala na kuwasaidia wazazi waliouza kiwanja kwa ajili yako. Kupata mshahara uliokua maradufu na bado kuishi kwa laki mbili jijini Dar es Salaam ni jambo ambalo sitamshauri mtu aliyeniamini kwa swali lake.

Jambo la pili la mkopo huu ni kwamba unakopa kwa dola huku utakuwa unalipwa kwa shilingi. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa shilingi 2,300 na kitu. Mwaka 2024 ilivuka 2,600. Baadaye shilingi ilipata nafuu, lakini mkopo wa miaka kumi utapita katika vipindi vyote, vya nafuu na vya shida. Dola ikifika 2,700, ile 226,000 yako inashuka hadi laki moja na elfu ishirini na kidogo, bila wewe kukosea chochote na bila mwajiri kukupunguzia hata senti moja. Mfanyabiashara anayekopa dola huwa na bidhaa za kupandisha bei. Mwajiriwa hana cha kupandisha.

Nimewahi kukaa sebuleni na familia moja ya Tabata iliyoniita baada ya mambo kwisha. Kijana wao alisoma nchi za nje kwa fedha ya kiwanja, akafaulu vizuri, akarudi, akapata kazi baada ya mwaka na nusu. Hakuna aliyekosea katika habari hiyo. Ila kile kiwanja ndicho mama yake alichokuwa anakitegemea kujenga vyumba vya kupangisha, na kwa miaka mitatu kijana alikuwa akikata sehemu ya mshahara wake kila mwezi kumlipia mama kodi ya nyumba. Mama alinionesha picha ya msingi uliokuwa umeanza kujengwa. Matofali yalikuwa yamepangwa pembeni na kufunikwa kwa turubai. Tangu siku ile, kabla ya kuuliza jina la chuo, huwa ninauliza kwanza fedha inatoka wapi.

Labda utajiuliza kwa nini ninakuwa mkali hivi kwa somo lako wakati daktari bingwa anayeuza kiwanja akasome huenda ningemwacha aende. Sababu ni jinsi soko la kazi lilivyo. Shahada ya uhusiano wa kimataifa inafungua milango, ila haina bei maalumu sokoni. Serikalini utaingia kwa kushindana kupitia Sekretarieti ya Ajira, na mshahara utafuata muundo wa utumishi wa cheo chako, bila kujali kama ulisoma London au hapa Kurasini, kwenye kituo chetu cha uhusiano wa kimataifa. Katika Umoja wa Mataifa, mtihani wa wataalamu vijana unataka shahada ya kwanza tu na umri usiozidi miaka 32, kwa raia wa nchi zinazotajwa mwaka husika. Na kwa nafasi nyingi za ngazi ya chini ya kitaalamu, mwenye shahada ya kwanza na miaka miwili zaidi ya uzoefu huruhusiwa kuomba pamoja na mwenye uzamili. Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwa upande wake, huwataka vijana wake wa programu ya wataalamu wawe na shahada ya uzamili. Kwa hiyo shahada hii utaihitaji, hasa kwa kupanda ngazi, lakini miaka mitatu uliyokaa na wale akina mama wa mipakani inahesabiwa kuliko unavyodhani, na mwaka wa nne utaongeza thamani yako. Hupotezi muda kwa kusubiri.

Na hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Somo lako ni miongoni mwa masomo machache ambayo serikali za watu hulilipia kwa hiari yao. Hulilipia kwa sababu zinataka kuwa na marafiki katika wizara za mambo ya nje, mabenki ya maendeleo na mashirika ya nchi nyingine miaka kumi na ishirini ijayo. Ukiwa na shahada ya kwanza nzuri, kazi inayogusa watu na nia ya kurudi nyumbani, wewe ndiye mtu wanayemtafuta. Kulilipia somo hili kwa kiwanja ni kununua kitu ambacho wengine wamekaa wanatafuta wa kumpa.

Anza na Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza uliopo tangu 1983. Unalipa ada, posho ya kila mwezi, nauli na viza kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Unataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambazo ni kama miaka miwili, na wewe umeshazipita. Dirisha hufunguliwa kila mwaka mwezi Agosti na kufungwa majira ya Oktoba. Unachagua kozi tatu, na hiyo kozi yako ya London inaweza kuwa mojawapo. Ndiyo sababu nimekuambia uahirishe udahili na wala usiukatae. Masharti yake makubwa ni mawili: uwe na udahili usio na masharti ifikapo Julai inayofuata, na baada ya masomo urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Kwa mtu anayeota wizara ya mambo ya nje ya nchi yake, sharti hilo la pili halina uzito.

Ugumu uko kwenye maelezo wanayokutaka uandike: uongozi wako, namna unavyojenga mahusiano na watu, sababu za kuchagua kozi hizo, na mpango wako wa kazi. Nimesoma rasimu nyingi za vijana wetu, na nyingi huanza kwa sentensi ileile: ninataka kuisaidia nchi yangu. Msomaji wa maombi amekutana na sentensi hiyo asubuhi nzima. Wewe unacho kitu ambacho wengi hawana. Mwanamke anayevusha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 pale Namanga anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani karatasi inayothibitisha bidhaa ilikotoka. Mwenzake wa Tunduma hawezi kukitumia cheti hicho kuingia Zambia, kwa kuwa Zambia si mwanachama wa Jumuiya. Na utaratibu wa namna hiyo uliopo ndani ya COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, nao haumsaidii, kwa kuwa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Wanawake wawili wa nchi moja, wenye gunia moja la aina moja, wanatendewa tofauti kwa sababu ya mikataba ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Andika hilo. Mweleze mmoja wao uliyekaa naye, alichokuwa amebeba, alichoulizwa dirishani, kisha ueleze ni kitu gani hasa hukijui kuhusu mikataba ya biashara ambacho kozi hiyo itakufundisha. Hapo msomaji ataona mtu mwenye swali lake mwenyewe, na ataelewa kwa nini swali hilo linahitaji mwaka mzima wa masomo.

Wanaokuandikia barua za mapendekezo nao wachague kwa namna hiyohiyo. Vijana wengi hukimbilia mkurugenzi mkuu mwenye jina kubwa, ambaye ataandika mistari sita ya sifa za jumla. Msimamizi wako wa kila siku, aliyekuona ukitafsiri fomu ya forodha kwa mama aliyekuwa analia mpakani, ataandika barua yenye uzito zaidi. Mpe taarifa mapema, mpelekee wasifu wako na rasimu yako, wala usimwombe barua siku mbili kabla ya dirisha kufungwa.

Usitegemee Chevening peke yake, kwa kuwa ushindani wake ni mkubwa. Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola, ya huko huko Uingereza, hutoa nafasi kwa nchi kama yetu kwa mtu asiyeweza kujilipia, na mojawapo ya mada zake inahusu amani, usalama na utawala. Baadhi ya maombi yake hupitia wizara inayosimamia elimu hapa nchini, kwa hiyo fuatilia matangazo ya wizara kuanzia Septemba. Serikali ya Ireland nayo ina ufadhili kamili unaowahusu Watanzania, na ubalozi wake upo hapa hapa Dar es Salaam. Vijana wetu huusahau kwa sababu hausikiki sana mitaani, jambo ambalo kwa mwombaji ni heri.

Ujerumani inahitaji maelezo marefu kidogo. Vyuo vikuu vingi vya umma huko havitozi ada ya masomo. Jimbo la Baden-Württemberg ndilo linalowatoza wageni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Badala ya ada, ubalozi unataka uweke fedha ya kujikimu ya mwaka mzima katika akaunti maalumu iliyofungwa, euro 11,904, ambayo utairuhusiwa kuitoa euro 992 kila mwezi ukiwa kule. Kwa shilingi 2,900 kwa euro, hiyo ni milioni 34 na nusu. Najua umeshaona kinachonitia wasiwasi: ni bei ya kiwanja cha baba karibu shilingi kwa shilingi. Bado ninakuomba usikiguse, kwa sababu kozi nyingi huko ni za miaka miwili na mwaka wa pili nao utataka kula. Ila hata huko hulazimiki kujilipia. Shirika la ufadhili la Ujerumani, DAAD, lina programu iitwayo Helmut-Schmidt kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea wanaotaka kusomea sera za umma na utawala bora, katika vyuo kama Hertie School ya Berlin na shule ya Willy Brandt ya Chuo Kikuu cha Erfurt. Inatoa posho, bima, nauli, na kozi ya Kijerumani kabla ya masomo. Maombi hupokelewa katikati ya mwaka, moja kwa moja vyuoni. Kwa wasifu wako, hii naiweka sawa na Chevening.

Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya inakupeleka katika vyuo vya nchi mbili au zaidi ndani ya shahada moja, bila ada, na posho ya euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24. Zipo kozi zake za usalama wa kimataifa, za utandawazi na za uhamiaji. Maombi mengi hufungwa kati ya Novemba na Februari, baada tu ya Chevening, hivyo maandishi yaleyale yakirekebishwa kwa uangalifu yatakufaa mara mbili. Uturuki nayo hufungua maombi yake Januari, kwa ufadhili kamili pamoja na mwaka wa kujifunza lugha, lakini kwa uzamili inataka mwombaji awe chini ya miaka 30. Na ufadhili wa Schwarzman katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, unaotoa shahada ya uzamili ya masuala ya dunia kwa mwaka mmoja, hauwapokei waliotimiza miaka 29. Kwa umri wako hayo mawili ni ya mwaka huu au ujao.

Kuhusu Marekani nitasema machache. Shule zake za masuala ya kimataifa ni nzuri na ni ghali kupindukia. Ile ya Chuo Kikuu cha Columbia hutoza zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka kwa ada peke yake. Shule ya Princeton ni tofauti, kwa kuwa hugharimia ada ya wanafunzi wake wa uzamili wa masuala ya umma, na ufadhili wa Fulbright nao upo kwa miaka mingi. Hata hivyo masharti ya viza za Marekani kwa raia wa nchi kadhaa za Afrika, yetu ikiwemo, yamebanwa, kwa hiyo usilipe ada ya maombi hata moja kabla ya kujua kutoka ubalozini hali ikoje wakati huo. Na ukikuta mahali pameandikwa kwamba Norway inasomesha wageni bure, ujue ni habari ya zamani, kwani tangu 2023 vyuo vyake vya umma vinawatoza ada wanaotoka nje ya Ulaya.

Kuna njia za karibu ambazo vijana wengi huzipita bila kuzitazama, na mimi ninaziheshimu. Itifaki ya Elimu na Mafunzo ya SADC, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, iliyosainiwa 1997 inataka mwanafunzi kutoka nchi mwanachama atozwe ada kama mwenyeji, na vyuo vikuu vingi vya Afrika Kusini vinaifuata, pamoja na tozo fulani ya ziada kwa mgeni. Tanzania ni mwanachama, hivyo unapoulizia ada Pretoria au Johannesburg, uliza kwa maneno hayo hayo: ada ya mwanafunzi wa SADC ni kiasi gani. Umoja wa Afrika una Chuo Kikuu chake cha Pan-Afrika, na taasisi yake ya utawala iliyopo Cameroon hufundisha utangamano wa kikanda. Kwa mtu aliyezama katika biashara za mipakani kama wewe, sioni somo linalomfaa zaidi ya hilo.

Na hapa nyumbani tuna kile kituo cha uhusiano wa kimataifa cha Kurasini, ambacho leo kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Kilianzishwa 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, na maofisa wetu wengi wa ubalozi wamepita katika madarasa yake. Ukisoma stashahada ya uzamili pale ukiwa kazini, utalipa kwa shilingi, utakaa darasa moja na watu utakaofanya nao kazi wizarani, na maombi yako ya ufadhili yatapata nguvu zaidi. Kama mwaka huu wa kusubiri unakuogopesha kwamba utakaa bure, hapo ndipo pa kuutumia.

Bodi ya Mikopo usiiweke katika hesabu ya masomo haya. Fedha zake kwa sehemu kubwa ni za shahada ya kwanza. Ila iandikie barua kabla hujaondoka nchini siku utakapopata ufadhili, kwa sababu mshahara ukisimama makato nayo yanasimama huku deni likiwa palepale, na ni vema mkubaliane utaratibu kuliko kurudi ukakuta unatafutwa. Jambo jema ni kwamba tangu 2021 serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani na adhabu ya asilimia 10, kwa hiyo deni lako halivimbi kama zamani.

Kabla ya kukubali nafasi yoyote, hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu kwamba chuo hicho na namna ya usomaji wake vinatambuliwa, maana ukirudi utahitaji tume hiyo hiyo ikutambulie shahada ndipo mwajiri wa serikali aikubali. Na akitokea wakala akikuambia kwamba anaweza kukupatia Chevening au DAAD kwa malipo ya laki tano za kushughulikia faili, funga mazungumzo hapo. Wafadhili hao hawatozi ada ya maombi na hawana wakala mitaani.

Utaniuliza kama kuna hali ambayo ningekubali ukope. Ipo. Ukipata ufadhili unaolipa ada yote na sehemu ya kujikimu, pakabaki pengo la milioni sita au saba, chukua kwa shilingi kwenye SACCOS ya kazini kwenu au kwa ndugu, kiasi ambacho mshahara wa sasa, narudia, wa sasa, unaweza kukimaliza ndani ya miaka miwili. Deni la namna hiyo halitakuchagulia kazi. Deni la dola 36,000 litakuchagulia: litakulazimisha kukimbilia yeyote anayelipa zaidi, na ile nafasi ya wizarani uliyoiota, yenye mshahara wa kuanzia wa mtumishi wa umma, hutaweza kuipokea hata ukipewa.

Kwa wiki hii fanya haya. Kiandikie chuo barua pepe fupi ya heshima, ukieleza kwamba unaithamini nafasi hiyo, kwamba unaomba ihamishiwe mwaka ujao wa masomo ili ukamilishe maombi ya ufadhili, na uulize kama punguzo la pauni 5,000 litahama nayo. Wakikataa kuahirisha, usiogope. Chuo kilichokukubali mara moja kwa sifa hizi kina kila sababu ya kukukubali tena. Chukua nakala zilizothibitishwa za matokeo yako ya chuo kikuu. Kama huna pasipoti, anza kuishughulikia sasa. Ada yake ni shilingi 150,000. Mtihani wa Kiingereza usiukimbilie, kwa kuwa matokeo yake hudumu miaka miwili tu na vyuo kadhaa humsamehe aliyesoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza, uliza kwanza.

Baba usimpelekee jibu langu kwa simu. Nenda Jumapili ukae naye, umwoneshe hesabu ya mshahara kwenye karatasi kama nilivyoiandika hapo juu, na umshukuru kwa alichokuwa tayari kukitoa. Ukimaliza rasimu ya kwanza ya maelezo ya Chevening, ile ya Namanga na Tunduma, niletee niisome kabla ya mwisho wa Agosti.